Kidhibiti Kasi cha Droni: Nunua Unachoweza Kukifufua

Droni ya mota nne haina bawa la kuishusha polepole. Mota moja ikikata angani, tatu zinazobaki haziwezi kuishikilia. Inapinduka na kuanguka pamoja na kamera na betri yake, juu ya chochote kilicho chini. Kinachoamua kama mota itaendelea kuzunguka ni bodi ndogo iliyokaa kati yake na betri: kidhibiti kasi, ambacho mafundi wengi hukiita ESC. Kinapokea amri kutoka bodi kuu ya droni, kisha kinawasha na kuzima transista zake maelfu ya mara kwa sekunde ili umeme wa betri uingie kwa zamu katika nyaya tatu za mota. Ni rahisi mtu kumaliza fedha zake kwenye kamera na fremu, halafu akachukua vidhibiti vinne vya kwanza alivyoonyeshwa. Ninachotaka kumshawishi msomaji wa Jinja au Mbale anayeunda au kutengeneza droni ni kwamba kidhibiti cha kununua huku kwetu ni kile ambacho chipu yake inajulikana, programu yake iko wazi, na kikiharibika unaweza kukitoa peke yake, ukakifungua na kukirudisha kazini. Ampea nyingi na upya wa toleo ni mambo ya kuangalia baada ya hapo. Kuhusu kuflashi, yaani kukiwekea programu nyingine, nitasema kwamba ni kazi nzuri ikifanywa kwa sababu inayotajika, na ni hasara tupu ikifanywa kwa mazoea.

Mahali tulipo ndipo panapoipa hoja hii uzito. Droni ya Jinja huenda ikatumika kuangalia mashamba ya miwa ya Busoga au kingo za Nile. Ya Mbale itatazama juu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ikaua watu zaidi ya 100. Oktoba 2018 Bududa ilipigwa tena, na Novemba 2024 zamu ikawa ya Bulambuli. Katikati ya misiba hiyo, mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale kwenyewe. Picha za kutoka juu zinaweza kuonyesha nyufa mlimani na mkondo mpya wa mto mapema kuliko mtu anayetembea kwa miguu, na ndiyo maana vijana wenye ujuzi huu wanahitajika hapa. Lakini droni inayokata mota juu ya korongo la Bududa haiokotwi, na ikianguka juu ya watu waliokwisha kupoteza nyumba, hakuna atakayewakubalia tena warushaji wake. Kwa sababu hiyo hiyo, kibali kitangulie ununuzi: urushaji unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, na kuingiza droni nchini kunahitaji pia idhini ya upande wa ulinzi.

Miinuko ina hesabu yake. Jinja na Mbale zote ziko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mbale mchana wenye joto la nyuzi 28 ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 ukiilinganisha na hewa sanifu ya usawa wa bahari. Ukipanda hadi mita 1,800, hata kama kuna ubaridi wa nyuzi 22, upungufu unafika asilimia 21 hivi. Ili droni ileile ielee mahali pamoja, propela lazima izunguke haraka zaidi kwa karibu asilimia 10 Mbale na asilimia 13 kule juu, na nguvu inayotumika hupanda kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kutokana na hesabu hiyo mtu huhitimisha upesi kwamba anunue kidhibiti chenye ampea nyingi zaidi. Hitimisho hilo ni nusu ya ukweli. Umeme wa kuelea huongezeka, ndiyo. Lakini mota ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, kasi yake inabanwa na volti za betri, na hewa nyepesi inaipa propela mzigo mdogo, kwa hiyo umeme wa juu kabisa unapungua kidogo. Hatari yenyewe iko penginepo. Kwanza, hewa nyepesi hupoza kidogo, na kidhibiti kilichofichwa ndani ya fremu iliyofunikwa kinaweza kupata joto wakati droni imesimama tu angani. Pili, watu hukimbilia propela kubwa ili kufidia mwinuko. Kutoka inchi 10 hadi inchi 11 kunaonekana kidogo, ila kwa kasi ileile nguvu inayohitajika huongezeka kwa karibu asilimia 60. Hapo ndipo kidhibiti cha ampea 20 kinapoungua, na lawama inatupiwa mlima. Pima mota yako na propela yako kwa mita ya umeme, fremu ikiwa imefungwa imara, kisha ongeza theluthi moja: mota inayovuta ampea 22 ipewe kidhibiti cha 30. Usitumie ile namba kubwa ya sekunde kumi inayoandikwa kwenye matangazo. Soma namba ya kazi ya kudumu.

Sasa tuje kwenye programu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, vidhibiti vingi vya bei nafuu vilikuwa vimeundwa kwa ajili ya ndege ndogo za mabawa. Kwenye droni vilikuwa na makosa mawili yaliyoweza kuiangusha. Vilikusudiwa kupokea amri mara 50 tu kwa sekunde na kuzilainisha kabla ya kuzitekeleza, wakati droni inahitaji kusahihishwa mamia ya mara kwa sekunde ili isimame wima. Pia vilizima mota betri ilipopungua. Kwa ndege ya mabawa hiyo ni busara, kwani itateleza hewani hadi chini. Kwa droni ni kuiua. Simon Kirby akaandika programu huria kwa ajili ya vidhibiti vyenye chipu za Atmel, ikajulikana kwa jina lake, SimonK. Steffen Skaug wa Norwei akaandika BLHeli, ambayo mwanzoni ilihudumia chipu za Silabs. Zote mbili ziliondoa ulainishaji ule na kuipa bodi kuu mamlaka juu ya mota. Zilifanya kazi vizuri kiasi kwamba viwanda vyenyewe vikaanza kuuza vidhibiti vikiwa nazo tayari.

Mtu makini atauliza: ikiwa viwanda vimeshaweka programu nzuri, ya nini kuflashi tena? Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Kidhibiti kipya chenye BLHeli_S, toleo la baadaye la BLHeli, kinachofanya kazi bila kukwama hakina haja ya kuguswa siku ya kwanza. Naona sababu tatu tu za haki. Ya kwanza ni bidhaa kuukuu au ya mkono wa pili ambayo bado ina programu ya ndege za mabawa. Hiyo usiirushe kabisa kabla ya kuibadilisha. Ya pili ni mota kupoteza mwendo, pale kidhibiti kinapokosea kubashiri sumaku zimefika wapi, mota ikatetemeka na kukata hasa unapoongeza kasi ghafla, na mipangilio iliyopo imeshindwa kuiponya. Ya tatu ni kutaka bodi kuu ijue kila mota inazunguka kwa kasi gani. Programu huria iitwayo Bluejay, iliyojengwa juu ya BLHeli_S, inaviwezesha vidhibiti vilevile vya bei ndogo kutuma taarifa hiyo kupitia waya uleule wa amri. Programu ya bodi kuu, kama Betaflight au ArduPilot, ikiwa nayo, inaweza kuchuja mtetemo wa kila mota kwa usahihi. Mota zinapoa, na picha za ramani hazitoki zimepinda. Nje ya sababu hizo tatu, anayeflashi kwa kuwa toleo jipya limetoka anaweka rehani kitu kizima kwa faida asiyoweza kuipima.

Yaliyoipata BLHeli_32 yanaeleza kwa nini nasisitiza programu iliyo wazi. Hiyo ilikuwa kizazi cha baadaye, kwa chipu zenye nguvu zaidi za biti 32, nayo ilikuwa ya siri: viwanda vililipia leseni, na msimbo haukutolewa. Ilikuwa nzuri, na kwa miaka kadhaa ushauri wa kawaida duniani ulikuwa kununua hiyo bila kuwaza. Mwaka 2024 ikasimamishwa. Vidhibiti vilivyokuwa nayo havikuacha kuzunguka siku ile, lakini kosa likigunduliwa leo hakuna wa kulisahihisha. Anayetaka kuhamia AM32, programu huria ya chipu za aina hiyo, analazimika kuunganisha kifaa kama ST-Link kwenye pedi ndogo mno za bodi, afute kinga ya kiwanda, kisha aandike upya kila kitu. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza. Lakini kwa nini ujinunulie kazi hiyo? Leo ukitaka biti 32, nunua kidhibiti kilichotoka kiwandani na AM32. Ukitaka nafuu, nunua cha BLHeli_S, kwa kuwa msimbo wake uko wazi na ndio uliozaa Bluejay.

Swali la pili la ununuzi ni kama uchukue vidhibiti vinne tofauti au bodi moja yenye vyote vinne. Wanaotetea bodi moja wana hoja. Ni nyepesi, nyaya ni chache, na droni ndogo ya mashindano haina mahali pa kuweka vinne. Kwa droni ya kupiga ramani yenye mikono mirefu, gramu zinazookolewa hazibadilishi muda wa kuruka kwa namna utakayoiona. Kinachobadilika ni gharama ya ajali. Transista moja ikiungua kwenye bodi ya pamoja, droni nzima inalala mpaka bodi nyingine iagizwe na kupitia Entebbe na Kampala, na hiyo inaweza kuwa wiki nyingi katikati ya msimu wa mvua, wakati ambapo mlima unahitaji kutazamwa. Vikiwa vinne, unafungua kimoja, unaweka cha akiba, na kesho unaruka. Kile kilichoungua mpelekee fundi wa simu mwenye mashine ya hewa moto: kubandua transista na kubandika nyingine iliyotolewa kwenye kidhibiti kilichokufa ni kazi ya mkono uleule anaoutumia kila siku. Kwa hiyo nunua vitano siku moja, kutoka shehena moja. Shehena ni muhimu, kwa kuwa viwanda hubadilisha vipuri vya ndani bila kubadilisha karatasi ya nje, na ukinunua cha tano mwaka ujao huenda kikawa na jina lilelile na moyo mwingine.

Jambo hilo la moyo mwingine ndilo linalounguza vidhibiti vingi wakati wa kuflashi. Programu ya kidhibiti lazima ijue ni mguu upi wa chipu umeunganishwa na transista ipi. Kwenye BLHeli_S na Bluejay maelezo hayo yamefupishwa katika alama kama G-H-30. Herufi ya kwanza ni mchoro wa bodi, yaani miguu ipi inaenda wapi. Ya pili, kwa kawaida L au H, ni aina ya chipu, ya polepole au ya haraka. Namba ya mwisho ni muda wa kusubiri kati ya kuzima transista ya juu na kuwasha ya chini, na kila kipimo kimoja cha namba hiyo ni takriban sehemu 20 za bilioni ya sekunde; 30 ni kama sehemu 600. Ukiweka namba kubwa kuliko ya bodi yako, unapoteza ufanisi kidogo tu. Ukiweka ndogo, transista ya juu na ya chini zinapitisha umeme kwa pamoja, betri inajifunga yenyewe kupitia kwenye bodi, na moshi unatoka kabla hujaondoa mkono. Ukikosea herufi ya kwanza, matokeo ni hayo hayo. Vidhibiti vya zamani vya Atmel vina mtego wa namna hiyo: SimonK ina mafaili tofauti kwa bodi tofauti, na faili la bodi ambayo transista zake zote ni za aina ya N halifai kwa bodi iliyochanganya N na P. Hapo usiamini karatasi. Pasua plastiki, chukua lenzi, soma maandishi ya chipu na ya transista, ulinganishe kidhibiti na kidhibiti. Na kwa vile vya Silabs, iache kompyuta ikusomee alama iliyomo, uiandike, na usikubali kuchagua alama nyingine hata kama programu inakuruhusu.

Kazi yenyewe ni fupi kuliko maandalizi yake. Vidhibiti vya Silabs na vya AM32 kwa kawaida huflashiwa kupitia bodi kuu, kwa waya wa USB, bila kufungua chochote. Vya Atmel ambavyo havijawahi kuguswa huhitaji kifaa kama USBasp na pedi sita za bodi. Vikishapewa kianzishi (bootloader) cha SimonK, safari zinazofuata hupitia waya wa amri. Propela zote ziondolewe, bila kubakiza hata moja kwa kisingizio cha haraka. Pakua mafaili mapema, kwa maana kurasa nyingi za kazi hii huyavuta kutoka intaneti wakati uleule wa kuandika. Tumia kompyuta ya mkononi ambayo betri yake inashika, usitegemee stima ya mji. Andika kimoja, kijaribu, ndipo uende cha pili. Anayeviandika vyote vinne kwa mkupuo akikosea anapoteza vyote vinne. Kumbuka pia kwamba programu ya asili ya kiwanda mara nyingi imefungwa isisomeke, kwa hiyo ukishaifuta huwezi kuirudisha.

Baada ya kuandika, usiunganishe betri moja kwa moja. Chukua taa ya breki ya bodaboda, ya volti 12 na wati 21, uiweke kwenye mstari mmoja na waya mwekundu wa betri. Kidhibiti kikiwa salama, taa itamweka kidogo na kuzima, na mota italia mlio wake wa kuamka. Kikiwa na kasoro, taa itawaka kwa nguvu na kuzuia umeme usizidi ampea mbili hivi, transista zikapona. Hiyo inatosha kwa betri za seli tatu na nne. Kwa seli sita, unga taa mbili kwa kufuatana. Sijui kifaa kingine kinachopatikana katika kila duka la vipuri kuanzia Bugembe ya Jinja hadi Mbale kinachookoa fedha nyingi kiasi hicho.

Kwenye mipangilio, ogopa kunakili namba za warusha droni za mashindano. Wao wana propela za inchi 5 na mota nyepesi. Droni ya ramani ina propela za inchi 10 au zaidi, nzito kusimamisha na nzito kuanzisha. Marudio ya kuwasha na kuzima transista ya kilohezi 48 huwapa wao ulaini na dakika za ziada, lakini yanapunguza nguvu ya chini ambayo propela kubwa inaitegemea. Anza na 24. Weka kinga dhidi ya mota kupoteza mwendo katika kiwango cha juu. Kama bodi kuu inatuma amri za kidijitali za DShot, hakuna haja ya kusawazisha mwanzo na mwisho wa kasi. Kama bado ni zile za mapigo, sawazisha vyote vinne kwa pamoja, la sivyo droni itaegemea upande mmoja kila siku. Kisha funga fremu kwenye kitu kizito, rudisha propela, simama mbali, upandishe kasi ghafla mara kadhaa ukisikiliza. Mota inayokwaruza hapo chini itakata kule juu.

Umeme safi ni nusu ya afya ya kidhibiti, na hauletwi na programu. Kidhibiti kikikaa kwenye mkono, refusha nyaya za mota, usirefushe za betri, kwani waya mrefu wa betri huzalisha miruko ya volti inayochoma transista. Weka kapasita ya mikrofaradi 1,000 na volti 35 pale betri inapounganishwa. Zile zinazong'olewa kwenye bodi za kompyuta zilizokufa zinavutia kwa kuwa ni za bure, lakini nyingi ni za volti 16 au chini yake, na betri ya seli nne iliyojaa ina volti 16.8 kabla hata ya miruko. Kwa Jinja, ambako ukungu wa ziwa na makundi ya wadudu wake huingia kila tundu, paka bodi vanishi ya saketi baada ya kuflashi, ukiacha pedi za kuandikia wazi.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni mzunguko, mtu anunue droni iliyokamilika. Kwa aliye na kazi moja ya kupiga picha, hilo ndilo jibu sahihi, na nisingemshawishi vinginevyo. Lakini droni iliyokamilika inafungwa na kiwanda chake, na fundi wa Mbale hawezi kuiponya. Isitoshe, kuwasha transista kwa zamu ili kuzungusha mota ya nyaya tatu ndiyo kanuni inayoendesha mabasi ya umeme ya Kayoola ya Kiira Motors, ambayo kiwanda chake kiko hapo hapo Jinja. Kijana anayeelewa kwa nini G-H-30 si G-H-10 amekwisha kuugusa ujuzi unaotakiwa huko.

Kuna mahali nasema acha. Droni nzito za kunyunyizia dawa mashambani hutumia vidhibiti vya watengenezaji wakubwa, ambavyo programu yake imefungwa na imepimwa pamoja na mota yake. Hapo hakuna programu huria ya kuiamini badala yake, na mtungi wa dawa ukianguka pamoja na betri ni hatari nyingine kabisa. Kwa hizo, chagua zenye mota sita au nane, ili moja ikikata zilizobaki ziwe na nafasi ya kuishusha, na nunua kidhibiti cha akiba siku unaponunua droni. Kwa zako ndogo, andika alama ya programu kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kila kidhibiti, pamoja na tarehe uliyoflashi, kabla hujakifunga kwenye mkono wake.